Mawe Sita ya Redio

Mimi Vestine nilianza kuuza kaseti baada ya kushindwa kuuza kila kitu kingine. Goma, ambako mama yetu alituzalia wote saba, niliuza mandazi mpaka unga ukapanda bei ukanishinda. Nikaingia kwenye viatu vya mpira. Mzigo wa pili ukaja miguu ya kushoto mitupu. Tulipovuka mpaka kurudi Gisenyi nikauza sabuni. Mvua moja ikaingia kibandani, na kulipokucha soko zima lilikuwa na povu, mwenye sabuni peke yake ndiye hakuwa na sabuni. Nikajiambia, bon, kaseti angalau haziyeyuki.

Mezani kwangu kulikuwa na dunia nzima. Kinshasa ilikuwepo, Nairobi ilikuwepo, Abidjan ilikuwepo na sare zake za kung'aa kwenye picha. Gisenyi haikuwepo. Mteja akiniuliza, "Ya hapa kwetu iko wapi?" nilimuonyesha ziwa nikamwambia ya hapa ni ile, inaimba asubuhi na jioni, bado haijaingia kwenye kaseti.

Swali lile lilinichoma kuliko nilivyoonyesha. Nikaenda nalo kwa jirani yangu Ildephonse, fundi wa redio. Ildephonse alikulia Kigoma, na Kiswahili chake kimepigwa pasi. Husema "tafadhali" hata kwa bisibisi, na wengi humwita mwalimu. Alikuwa na mashine ya kurekodi aliyoifufua kutoka kwa wafu, na redio mbili kubwa za kunakili kaseti. Mimi nilikuwa na mdomo. Tukakodi depo ya tatu nyuma ya soko, iliyokuwa ya kuwekea viazi, tukatundika magunia na magodoro ukutani ili kelele za nje zisiingie, na mlangoni tukaandika kwa rangi nyekundu: DEPO TATU, GISENYI. Wauza maharagwe wakauliza maharagwe yetu ni ya aina gani.

Kaseti yetu ya kwanza ilikuwa ya kwaya. Walioinunua ni wanakwaya wenyewe, na mmoja akairudisha kwa sababu kikohozi cha jirani yake kilisikika kuliko yeye. Ya pili ilikuwa ya karani mmoja wa ofisi mwenye gitaa, aliyemwimbia mke wake aliyemkimbia. Mke akaisikia, akarudi, akamwambia aache kuimba. Nyumbani kwake ilifaulu sana, sokoni ilikufa.

"Tumebakiza pesa za kaseti moja," akasema Ildephonse. "Ya tatu ikianguka, Vestine, nitarudi kutengeneza pasi za watu."

"Na mi nitarudi ku sabuni," nikamwambia. "Mvua inanikumbuka."

Ya tatu tuliipata Bugeshi.

Kule juu, chini ya volkano, kulikuwa na mfanyabiashara wa viazi aitwaye Mukabera, mama wa miaka hamsini na tisa, mwenye wajukuu wanane na ng'ombe wanne. Mwaka ule wa 1999 njia za kule zilikuwa zimetulia, na nilikuwa nimepanda kununua viazi vya nyumbani. Stoo yake ilikuwa imejaa wanawake waliokaa kwa mstari, wanapitishiana viazi mkono kwa mkono: vikubwa kulia, vya mbegu kushoto, vilivyooza nje. Mukabera aliongoza wimbo, nao wakaitikia kwa mikono, viazi vikipiga viganja. Sauti yake ilikuwa nzito, inaanzia kwenye buti za mvua na kupanda polepole kama lori lililobeba. Wimbo aliutunga mwenyewe, kwa Kiswahili chetu cha mpakani, kinachoita kwenye "ku" na ndiyo "njo", kuwasema wanunuzi wanaokadiria mzigo kwa macho:

*Usinipime na jicho, we munuzi,*
*weka ku minzani, weka ku minzani,*
*uzito yangu nitaisema mi mwenyewe.*

Nilisahau viazi. Wiki iliyofuata nilirudi na Ildephonse na mashine.

Sasa, Bugeshi haikuwa na umeme. Mashine ilitaka betri sita kubwa, zile tunazoziita huku mawe ya redio, na Ildephonse akanituma nikanunue mapya. Nikayanunua, Mungu ananiona. Lakini kwetu hakuna anayetupa mawe ya zamani. Unayaanika juu ya bati, ukiona yanasitasita unayauma kidogo kwa jino, na utapata habari za siku tatu nyingine. Juu ya bati langu kulikuwa na sita yaliyoota jua wiki nzima. Nikayagusa: yana joto kama mkate. Nikajiambia, kitu chenye moto namna hii kitashindwa na wimbo mmoja? Mapya nikayatia kwenye redio yangu. Ya bati nikayafunga vizuri katika karatasi za mapya, nikampa Ildephonse, naye akasema "asante sana" kama kawaida yake.

Tulirekodi asubuhi, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, vidole vinauma kwa baridi. Wimbo ulichukua upande mzima wa kaseti. Ildephonse alifumba macho, visikizi masikioni, anatikisa kichwa kwa furaha. Mwisho alipotaka kuusikiliza, mashine ikasema "mmmm" kama ndama, ikanyamaza.

"Baridi ya huku inakula mawe," akasema.

"Inakula sana," nikaitikia, nikaangalia volkano.

Depo Tatu tulichomeka mashine kwenye umeme. Sauti ya Mukabera ikaanza kama ilivyo, nzito, imetulia. Baada ya dakika chache ikawa ya mama wa miaka arobaini. Katikati ilikuwa ya bibi harusi. Kuelekea mwisho ilikuwa ya binti wa miaka kumi na saba anayeteremka kilima mbio na kikapu kichwani, na mikono ya wale wanawake ikawa kama mvua juu ya bati. Mwishoni kabisa kukawa na mlio mdogo, *chirichirichiri*, kama ndege aliyekanyagwa, kisha kimya.

Ildephonse akakaa chini.

"Mashine ilikuwa inachoka wakati inarekodi," akasema. "Kaseti ilikuwa inapita polepole, na ikizidi kuchoka inazidi polepole. Hapa penye umeme inapita mwendo wake wa kawaida, ndiyo maana kila kitu kinakimbia na sauti inapanda. Nimemharibu yule mama. Nifute."

Akanyoosha kidole. Nami nikamshika mkono, kwa sababu mlangoni nilikuwa nimeona jambo. Nishimwe, dada anayesuka nywele kwenye kibaraza cha jirani, alikuwa ameacha kusuka. Mteja wake alikuwa amesimama, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama ufagio, anacheza.

"Rudisha mwanzo kidogo," akasema yule mteja. "Nilikuwa nimekaa."

Nilimtuma Ildephonse akale. Aliporudi nilikuwa nimenakili nne.

Aligoma siku mbili. Mwisho akakubali kwa sharti moja: jina la Mukabera lisiandikwe. "Siwezi kuandika jina la mtu juu ya sauti ambayo si yake," akasema. Basi tukaandika jina la wimbo, *Weka ku Minzani*, na chini yake Depo Tatu, Gisenyi. Lilikuwa kosa, lakini wakati ule lilivaa koti la uaminifu.

Redio za nchi hazikutujua. Sisi tulikuwa na Petite Barrière, pale mpakani. Kila asubuhi foleni ya wanaovuka kwenda Goma huwa ndefu, watu na mabeseni yao, na foleni haina kitu cha kufanya ila kusikiliza. Kaseti moja nikampa mama anayevusha mayai, mwenye redio shingoni. Wimbo ulianza polepole kama foleni yenyewe. Ulipofika katikati, mabeseni yalikuwa yanaruka. Ulipoisha watu wakasema "*chirichirichiri*" wote kwa pamoja, wakacheka, na askari wa zamu akaomba urudiwe. Uliingia Goma kabla sijanywa chai.

Baada ya hapo sikuketi. Tulinakili mpaka redio zetu mbili zikawa na homa. Nilipita Mahoko siku ya soko, na kati ya redio nane nilizopita karibu nazo, tano zilikuwa zinaimba Bugeshi. Watoto wakicheza kamba walimalizia na ule mlio wa ndege. Wauza maharagwe wa jirani, walewale, wakaanza kuwaelekeza wateja wao: "Tuko pembeni ya Depo Tatu." Mimi niliyewahi kuuza viatu vya mguu mmoja nilitembea soko lile kifua mbele kama mkuu wa mkoa, na nawaambia ukweli, nilipenda.

Lakini mwimbaji asiye na jina watu humpa jina wenyewe. Wakamwita Binti ya Depo. Wengine walishamuona, mrefu, mwenye mwanya. Barua zikaja. Siku moja wakaja wazee wawili wa kutoka Kanama, wamevaa makoti na kofia, wamebeba mtungi wa pombe ya ndizi, wakakaa wakauliza hali ya mvua, hali ya mazao, hali ya ng'ombe, na mwisho mmoja wao akasema kwamba wamesikia nyumba hii ina binti, na wao nyumbani wana kijana.

"Binti yetu bado anasoma," nikasema.

"Tutangoja," akasema mzee. "Mtungi hauchachi leo."

Ildephonse alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatikisika. Nilidhani analia.

Kisha akaja Gatete. Huyu alikuwa na maduka matatu ya kaseti Kigali, na gari, na miwani ya jua aliyoining'iniza kifuani hata siku ya mawingu. Alisikiliza wimbo amesimama.

"Madame Vestine," akasema, "hii inaweza kufika kila fasi. Nitachukua kaseti elfu moja za kuanza, na jina ya Depo Tatu mutaiacha juu. Lakini mi nauza sura kwanza, sauti inakuja nyuma. Siku ya Mungu hii muniletee binti pale ku ziwa, aimbe mbele ya watu, nimuone vile watu wanamupokea. Akipita, njo tumeanza."

"Atakuja," nikasema, kabla Ildephonse hajafungua kinywa.

Gari lilipoondoka, Ildephonse akaniangalia. "Binti yupi?"

Nikamwonyesha kibaraza kwa kidevu. Nishimwe alikuwa na miaka ishirini, mwanya anao, na mwendo anao. "Anafungua mudomo tu, kaseti inaimba."

"Vestine, huo ni uongo wa mchana kweupe."

"Njo muzuri. Mchana watu hawaogope."

Hakucheka. Mimi nilimchukua Nishimwe kwa mshonaji siku hiyohiyo.

Alhamisi mchana tulikuwa depo, Nishimwe amesimama juu ya kigoda na gauni la njano lililojaa pini, mimi nambana kiuno, Ildephonse amekaa kwenye mashine zake hataki kutuangalia. Mlango ukafunikwa. Mukabera alikuwa amesimama pale na buti zake za mvua, na kifuko cha viazi mkononi, maana mtu wa kwetu haendi kwa watu mikono mitupu hata akiwa na ugomvi nao.

Akakaa. Akatusalimia mmoja mmoja. Akaweka viazi chini.

"Vestine, mwana wangu," akasema, "juzi nilikuwa Mahoko. Nikasikia wimbo yangu. Ile mutu anaianza, anafanana na mimi. Kisha pole pole munamutosha inje, munaingiza katoto. Bon. Katoto kanaimba muzuri, siwezi sema uongo. Nimekuja tu kukapa mukono. Na muniambie kosa yangu ilikuwa nini."

Nikaendelea kubana kiuno kilichokwisha kubanwa.

Akamgeukia Nishimwe. "Ni wewe?"

Nishimwe akaniangalia mimi. Pini moja ikaanguka.

"Mama," akasema Ildephonse, "hakuna mtoto. Kuanzia mwanzo mpaka mwisho ni wewe mwenyewe. Kaseti ndiyo imekimbia."

"Mwalimu, usinicheke. Sauti yangu naijua. Ngombe zangu zinaijua toka bonde ya pili."

Akamwekea kaseti. Akamweleza mwendo wa kaseti na uchovu wa mashine, kwa Kiswahili chake cha Kigoma, kwa heshima zote. Mukabera alimsikiliza vile mtu anavyomsikiliza mtoza kodi. Alipomaliza, akainuka.

"Kama muliona mi ni muzee kwa kaseti yenu, mungesema tu," akasema. "Wanunuzi wananipima na jicho toka nikiwa musichana. Nimezoea. Ila nilifikiri nyinyi mulisikia wimbo."

Akashika njia ya mlango.

Sikiliza, maisha yamenipiga, na kila mara niliinuka nikajipangusa na kutafuta mtu wa kumtania. Lakini siku zote aliyepigwa alikuwa Vestine. Sijawahi kumuona mtu mwingine akipigwa na mkono wangu. Na kitu nilichokuwa najivunia soko zima, kile cha "ya hapa kwetu iko wapi," kilikuwa kinatoka mlangoni kwa miguu yake.

"Mama Mukabera," nikasema, "keti kidogo tu. Nakuja."

Nikakimbia nyumbani. Kuna ngazi nyuma ya jiko. Mawe sita yalikuwa palepale juu ya bati, yanaota jua, maana niliporudi kutoka Bugeshi niliyarudisha. Vya bure havitupwi. Nikayabeba kwenye kanga, nikarudi nahema, nikamwekea Ildephonse mezani.

Akachukua moja. Akaona alama ya jino.

"Haya ni mawe gani?"

"Ni yale."

"Yale yapi?"

"Ya Bugeshi." Nikakunja kanga. "Mapya niliweka mu redio yangu. Nilikufungia haya."

Akayapanga yote sita kwa mstari mezani. Nishimwe alishuka kwenye kigoda taratibu, kama mtu anayetoka chumba chenye mbwa.

"Nimeifungua mashine ile mara mbili," akasema Ildephonse. "Nimeagiza mpira wake wa kuzungushia kaseti kutoka Kigoma. Nimeomba msamaha kwa Mungu kwa ajili ya baridi."

"Najua."

"Kwa jino, Vestine?"

"Yalikuwa yanasitasita."

Akavuta pumzi. Kisha nikamwona fundi anaamka ndani yake, hasira ikasogezwa pembeni kama chombo cha kuoshwa baadaye. Alichomoa waya wa umeme. Akatia mawe sita ndani ya mashine, akasogeza kaseti mpaka karibu na mwisho, akabonyeza.

Binti ya Depo akaimba. Aliimba mistari miwili, akaanza kuchoka. Mkimbio wake ukawa mwendo. Sauti ikashuka ngazi, ikawa ya bibi harusi, ikawa ya mama wa watoto wanne, na mashine ikaendelea kukata pumzi mpaka pale chumbani, kati ya magunia, akakaa Mukabera mwenyewe, mzito, buti na vyote: *uzito yangu nitaisema mi mwenyewe*. Kisha ukafika ule mlio wa ndege ambao mji mzima uliuiga. Ulitoka polepole, wazi kabisa:

"Uwamariya, usiitupe hiyo, imeoza upande mumoja tu."

Mashine ikasema "mmmm," ikazimika.

Mukabera alikuwa amerudi kwenye kiti bila kujua. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akafungua kitambaa cha kichwa akajifuta nacho.

"Uwamariya anatupa viazi yangu," akasema. "Kila siku ninamuambia. Sasa Goma yote imemuambia."

Alipotulia akaniangalia, na hapo hakuwa anacheka. "Donc hakuna katoto."

"Hakuna, mama."

"Na siku ya Mungu ulitaka kuonyesha watu nani?"

Nishimwe ndiye aliyejibu. "Mama, mi hata wimbo siijue yote. Nilipenda tu robe hii ya njano."

"Robe utabaki nayo," akasema Mukabera. "Mi nitaimba."

Ildephonse akakuna kichwa. "Mama, watu wamezoea ile sauti inayopanda."

"Mi sitapanda. Mi nitaenda mbio. Kupanda wapande wenyewe." Akainuka, akachukua kifuko chake cha viazi, akakiweka mikononi mwangu. "Na we, Vestine, utakuja nyuma ya wamama wangu unabeba gunia. Mbele ya watu."

Jumapili alasiri ufuko ulijaa. Watu walitoka Kanama, walitoka Mahoko, wengine walivuka kutoka Goma na viti vyao. Wale wazee wawili walikaa mstari wa mbele na mtungi, wa pili huu, na kijana katikati yao amenyoa vizuri. Gatete alikuwa kwenye kiti cha plastiki, miwani kifuani.

Wanawake sita wa Bugeshi wakapanda jukwaani wakakaa kwa mstari. Nyuma yao nikapanda mimi, gunia la viazi mgongoni, na wauza maharagwe wote walikuwepo. Halafu akaja Mukabera na kitambaa cha kijani.

Niliposhuka Gatete akanivuta mkono. "Madame, binti iko wapi?"

"Njo ule."

Akamwangalia Mukabera, akaniangalia mimi. "Unanicheza?"

"Leo hapana, patron."

Mnong'ono ulianza nyuma ukaja mbele. Kijana mmoja akapaza sauti: "Mukecuru, bibi, tuletee mujukuu!"

"Mujukuu anachunga ngombe," akajibu Mukabera bila kugeuza shingo. "Amenituma nikuangalie kama umeoga."

Wakacheka, na mtu akishacheka masikio yake yamefunguka. Mukabera hakungoja. Akaanza chini kabisa, kule lori linakoanzia, na kiazi cha kwanza kikatoka mkono wa kwanza kwenda wa pili.

*Usinipime na jicho, we munuzi.*

Niliwaona watu wanaitambua. Sauti ya mwanzo wa kaseti, ileile, hakuna anayeweza kuikosea. Lakini walikuwa wanangoja binti aingie, na mimi nikaanza kuhesabu vidole vyangu, kwa sababu binti hakuwa anaingia. Mikono ikaongeza mwendo. Viazi vikaruka. Mukabera akaongeza mwendo nao, sauti haipandi hata kidole, inakuja kubwa na chini na mbio, kama mawe yanayoteremka mlimani. Ilipofika mahali ambapo kwenye kaseti sauti inakuwa ya bibi harusi, mama anayevusha mayai, katikati ya watu, akaidaka juu. Aliijua. Wote waliijua, wameifanyia mazoezi miezi mitatu kwenye foleni. Wa pili akaingia, wa kumi, kisha ufuko mzima, wanaume na vifua vyao wanajaribu sauti ya msichana: *weka ku minzani, weka ku minzani*. Mukabera chini, Gisenyi na Goma juu. Binti ya Depo alikuwa amefika, na alikuwa watu elfu mbili.

Halafu akainua mkono, na wanawake wakaacha. Kila mtu akavuta pumzi kwa ajili ya mlio wa ndege. Mukabera akageuka taratibu kwa mwanamke wa mwisho kwenye mstari, aliyekuwa ameshika kiazi mkononi tayari kukirusha nje.

"Uwamariya," akasema, kwa sauti yake, polepole, "usiitupe hiyo. Imeoza upande mumoja tu."

Ilichukua muda kidogo kuwaingia. Kisha niliona kicheko kinatoka mbele kinaenda nyuma kama upepo kwenye shamba, na watu wakageukiana wakisemeshana "chirichiri, chirichiri, njo hiyo," na baadhi walikaa chini kabisa mchangani. Waliudai tena. Aliurudia mara nne.

Gatete alikuwa amevua miwani kifuani akaivaa, sijui kwa nini. "Ile sura," akasema, "nitaiuza. Lakini kaseti musiiguse. Ibaki vile iko."

"Ina kasoro," akasema Ildephonse.

"Kaseti elfu mbili, mwalimu."

"Basi kasoro yenyewe tuitunze," akasema Ildephonse.

Wazee wa Kanama walifanya kikao kifupi. Kisha yule mkubwa akauleta mtungi mbele, akasema kwamba mtungi uliotoka nyumbani haurudishwi umejaa, na Mukabera akaupokea kwa mikono miwili, akawahakikishia kwamba yeye bado anasoma.

Toleo lililoenda Kigali lina picha. Mukabera amesimama mbele ya mlango wetu na buti zake, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko la wimbo, na chini kabisa, kwa kalamu ya Ildephonse, ambaye hawezi kuacha jambo bila kulieleza: *Ilirekodiwa Bugeshi kwa mawe sita yaliyoanikwa na Vestine.* Nimekaripiwa na watu wengi maishani, lakini karipio la kuchapishwa mara elfu mbili ni mimi peke yangu ninalo, na nimelitundika ukutani.

Kufikia mwisho wa mwaka Depo Tatu tulikuwa na waimbaji watano na redio sita za kunakili. Kaseti zetu zilikuwa Bukavu, zilikuwa Kigali, na Goma ziliuzwa kwenye meza ileile niliyoshindwa kuuzia viatu. Mteja akiniuliza ya hapa kwetu iko wapi, simuonyeshi tena ziwa, namwambia achague. Na kila mwimbaji mpya, akishamaliza kurekodi kwa umeme vizuri na kwa usafi, humvuta Ildephonse pembeni kumuuliza kama haiwezekani, kwa wimbo mmoja tu, kutumia yale mawe. Yeye huwaambia hayapo. Yapo. Huyapandisha batini mwenyewe saa nne asubuhi, na kuyateremsha mvua ikitaka kunyesha.

Mukabera bado anateremka Mahoko siku ya soko. Akikuta redio inamwimba, husimama hapo mpaka mwisho, na kumwambia mwenye duka, "Ni mimi huyo." Asiposadikiwa hasumbuki. Hungoja ule mlio wa ndege, anausema pamoja nao, neno kwa neno, na akishasadikiwa anaomba kiti.